Mafuta ya Kufika Kanisani

Ule mwaka tulikula kabeji. Mtu wa huku kwetu Bahati ukimwambia hivyo hakuulizi ni mwaka gani. Kila mtu alikuwa amepanda kabeji kwa sababu aliyekuwa nazo mwaka uliotangulia alijenga nyumba ya mawe. Basi mvua ikanyesha kwa wote, kabeji zikakomaa kwa wote, malori ya Nairobi yakachukua yalizotaka, yakaenda. Tukabaki nazo. Tulikula kabeji na ugali, kabeji na chapati, kabeji ndani ya githeri. Siku ya mavuno kanisani zilirundikwa mbele mpaka mhubiri akawa haonekani kuanzia tumboni kwenda chini. Ng'ombe nao walikula wakachoka, na maziwa yakanuka kabeji. Wajukuu wangu wakija kutoka mjini waliuliza wakiwa bado langoni, kabla hata ya salamu, "Shosho, leo kuna nini?" Nikinyamaza, wanajua.

Ndio mwaka niliomwibia mume wangu petroli.

Mimi si mwizi. Shule niliacha darasa la nne, lakini watoto wote wamesoma kwa maziwa niliyokamua kwa mikono hii, na chumvi nikiomba kwa jirani narudisha ikiwa imezidi. Wajukuu wangu wakisimama na wajukuu wa wengine, unawajua ni wa nani kwa viatu vilivyopigwa rangi. Nasema haya ili ujue ni mtu wa aina gani alipiga magoti gizani nyuma ya gari na mpira wa maji mdomoni.

Mzee wangu alikuwa dereva. Alianza na trekta kwenye shamba lililokuwa la mzungu, halafu akapewa lori la maziwa, na ndilo alilokuja kunichukua nalo kwa baba yangu. Niliingia kwenye ndoa yangu nikinuka maziwa yaliyoganda. Alipostaafu alinunua gari dogo jeupe, lile la nyuma refu la kubebea mizigo, na akalitunza kuliko alivyotunza meno yake. Makanika hakuligusa. Alisema, "Hii gari haijawahi kufunguliwa tumbo na mwanaume mwingine."

Kisha macho. Daktari mjini alisema ni presha ya macho, inakula kutoka pembeni ikielekea katikati. Akanikunjia ngumi ikabaki tundu dogo, akaniambia nichungulie. "Hivyo ndivyo mzee anavyoona, mathe. Mbele anaona vizuri kabisa. Kando hakuna kitu. Asiendeshe tena."

Mzee alikuwa ameketi pale pale, anasikia. Tulipotoka nje akavaa kofia yake. "Yule daktari ni mtoto," akasema. "Ati nisome herufi. Kwani barabara imeandikwa herufi?"

Akatuendesha mpaka nyumbani, na kwa kweli hakugonga kitu. Mimi nikajiambia labda daktari ni mtoto kweli.

Siku moja tulikuwa tunatoka langoni kwetu. Msichana wa shule akatokea upande wa kulia na ndoo ya maji kichwani. Mimi nilimwona tangu akiwa kwenye ua wa jirani. Nilingoja mzee apunguze mwendo. Hakupunguza. Nilipiga kelele, akakanyaga breki, na yule mtoto akasimama mkono mmoja ukiwa juu ya bonet yetu, maji yakimtiririka usoni.

Sasa elewa hili. Breki zilipokamata, mzee alikuwa amenigeukia mimi. Na alipoangalia mbele tena mtoto alikuwa ameshasogea kando, mahali ambapo kwake hakuna kitu.

"Nini?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Kuku."

"Unanipigia kelele hivyo kwa sababu ya kuku?"

"Kuku wa watu," nikasema.

Akacheka. Tukaenda. Nilimwona yule mtoto kwenye kioo cha pembeni, anaokota ndoo. Mpaka leo nikikutana naye huwa namsalimia kwanza, mimi mwenye umri huu, na nampa andazi.

Na ningeweza kuvumilia, maana njia ya kanisani ni fupi na watu wa huku wanalijua gari letu, wakilisikia wanasogea. Lakini dadake mzee anaishi Longonot. Ni mkubwa wake, ndiye aliyemlea, na miguu imekataa. Alipiga simu akasema kwao kabeji hazikufanya vizuri, jua lilizichoma. Mzee aliposikia hivyo alikuwa kama amepewa barua ya kazi.

"Nitajaza gari mpaka dari, nimpelekee mimi mwenyewe," akasema. "Jumamosi Longonot."

Unaijua hiyo barabara? Malori yamefuatana kama ng'ombe wanaoenda mtoni, na katikati ya lori na lori kuna mtu wa pikipiki, na kando ya mtu wa pikipiki kuna punda. Na kando ndiko mzee haoni.

Kitinda mimba wetu anaishi mjini, Milimani kwa matajiri. Sawa, si Milimani yenyewe, ni pale chini ambapo ukiinua macho unaiona. Nilimpigia simu nikalia. Akaniambia, "Mum, si umwambie tu? Toa ufunguo kwa msumari, uweke kwa mfuko, umwambie haendi."

Ukiwa mjini ni rahisi kusema hivyo. Lakini nilijaribu. Niliingia zizini asubuhi nikamkamua ng'ombe huku nikijifunza maneno. Niliyasema kwa sauti, polepole, mpaka yakakaa: "Sikupi ufunguo, mzee. Nuna, lala njaa, niite jina lolote, lakini sikupi."

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Mbele ya ng'ombe nilikuwa hodari sana. Nikaingia nyumbani, nikakuta mzee ameketi anapiga viatu rangi, ufunguo umening'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, naye ananiambia, "Mama, Longonot utakuja na mimi ama utabaki na ng'ombe wako?" Maneno yote yakarudi tumboni. Nikamwekea chai.

Ijumaa alikwenda kujaza mafuta. Usiku huo nilichukua mpira wa kunyweshea miche.

Mara ya kwanza nilimeza. Sikujua kwamba yakianza kuja yanakuja kwa hasira. Nilicheua petroli siku nzima iliyofuata, na kwenye mazoezi ya kwaya nilisimama mbali na mishumaa. Mafuta niliyaweka kwenye mtungi, mtungi nikauficha nyuma ya magunia ya viazi, na kidogo kidogo nikawa nayatia kwenye mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Mzee hakuuliza kwa nini ile mashine haiishi mafuta. Chakula cha ng'ombe ni mambo yangu.

Sikumaliza yote. Hilo nilikuwa nalo makini. Nilimwachia mafuta ya kufika kanisani na kurudi, na ya dukani. Jumamosi alipowasha gari na kuona mshale umelala chini, alikaa akiuangalia, akazima, akarudi ndani. Akasema Longonot itakuwa Jumamosi ijayo. Akajaza tena. Nikafyonza tena. Nikawa fundi wa hiyo kazi. Nilijua kulisikia tanki linavyolia likikaribia chini, nikauchomoa mpira kwa wakati.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba pampu ya mafuta ya gari lile haikai mbele kwenye injini. Inakaa ndani ya tanki, chini ya kiti cha nyuma, imezama kwenye petroli, na hiyo petroli ndiyo inayoipoza. Ukiiacha kila siku kwenye kijimafuta cha chini, inafyonza hewa, inafyonza taka, inapata joto, inaungua. Nani angeniambia? Mimi nilidhani namwibia mzee. Kumbe namuulia gari.

Ilianza kwa kukataa kuwaka asubuhi. Mzee alifungua ufunguo nusu, akatega sikio. "Sikia," akaniambia. "Kila siku kuna mlio hapo nyuma, kama nyuki kwenye chupa. Leo hakuna. Nenda nyuma upige kiti ngumi."

"Nipige kiti?"

"Piga tu, mama. Piga kama ni mimi."

Nikapiga, gari likawaka. Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Niliketi nyuma na Biblia yangu, na mzee akisema "Gonga!" nagonga. Mimi niliyekuwa naiua ile pampu ndiye niliyekuwa naifufua kwa ngumi, na kila nikigonga alinisifu. "Una mkono wa makanika wewe." Nilitamani kiti kinimeze.

Jumapili moja gari lilikataa kabisa. Ibada ilikuwa imeisha, watu wote wako nje. Niligonga mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kina mama wa kwaya wakashika nyuma ya gari, na sare zao za zambarau, wakasukuma huku mmoja akiimbisha kwa mzaha. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee alikaa kwenye usukani, kofia kichwani, anaangalia mbele moja kwa moja. Dereva aliyepeleka maziwa ya nusu ya wilaya hii bila kuchelewa anasukumwa na wanawake wenye nyimbo. Nami nikasukuma pamoja nao, na nadhani nilisukuma kuliko wote.

Kitinda mimba alileta pampu mpya kutoka mjini. Alitaka kuleta na makanika. Mzee akasema makanika akija langoni atapita juu ya maiti yake.

Asubuhi hiyo alinituma nizime moto wa jikoni, hata makaa niyamwagie maji, kwa sababu ya mvuke wa petroli. Tukala kabeji baridi. Akafungua milango yote ya gari upepo upite, akatoa waya ya betri, akanyanyua kiti cha nyuma akanipa nikishike. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha bati na vumbi la barabara zetu zote. Alilipangusa kwa kitambaa kibichi, kisha kwa brashi, kisha akapuliza. "Ukifungua na uchafu, umeiua kabla haijazaliwa," akasema.

Ndipo nilipoona vile ambavyo sikutaka kuona. Hakufanya kazi kwa macho. Alifanya kwa vidole. Alivitembeza kwenye kile kifuniko kama mtu anayemtafuta chawa mtoto, akihesabu skrubu kwa kugusa, kila moja akiitia kwenye sufuria niliyompa. Moja ikaponyoka ikaviringika, ikasimama kando ya goti lake. Ilikuwa hapo peupe inang'aa. Akapapasa mbele, akapapasa chini ya kiti, akainamisha kichwa huku na huku kama kuku. Hakuiona.

Singeweza kumwambia iko hapo. Niliisukuma kwa kidole cha mguu mpaka ikafika mbele yake, mahali macho yake yanapofika.

"Aa! Ilikuwa hapa hapa," akasema.

"Ilikuwa hapo," nikasema.

Alichomoa bomba la mafuta likatema kidogo, akalifunga kwa kitambaa. Akaitoa ile pampu polepole, akiigeuza ili kile kijiti chenye kiboya kinachopima mafuta kisipinde. Ilitoka ikichuruzika, nyeusi kama mguu wa kuku aliyebabuliwa. Akaigeuzageuza, akainusa.

"Hii imekufa na kiu," akasema.

Mimi nimeshika kiti.

"Pampu haifi na kiu kama mtu anajaza mafuta kila Ijumaa," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayejiongelesha. "Labda ni yule msichana wa pale petroli ananipimia hewa."

"Yule ni mtoto wa watu," nikasema haraka. "Ameokoka."

"Basi ni yule wa pikipiki anayelaza pikipiki yake kwetu. Nitamwambia atafute pengine."

"Mzee, yule hawezi. Si ndiye huniletea unga?"

"Haya. Basi ni panya." Alikuwa anavalisha pampu mpya kile kisoksi chake cha kuchujia taka, kwa ustadi, kama anayemvalisha mtoto mchanga. "Panya wa Bahati siku hizi wamekuwa wakubwa. Wanavaa leso."

Aliweka mpira mpya wa kuzibia, akaupaka petroli kwa kidole ukae vizuri, akashusha pampu tumboni, akafunga skrubu moja moja, akizizungukia kwa zamu ili zikaze sawasawa. Akasimama, mgongo ukalia.

"Leta mafuta," akasema.

"Mafuta gani?"

"Yale ya nyuma ya magunia ya viazi. Ama ng'ombe wako wameyamaliza?"

Nilikiachilia kiti kikaanguka.

Nilidhani atanipigia kelele. Nilitaka anipigie kelele. Alijipangusa mikono tu. "Umelala kando yangu ukinuka petroli tangu kabeji zianze kuoza," akasema. "Unadhani presha ya macho imekula na pua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilingoja wewe useme."

Nikaenda nikauleta ule mtungi, nikiuburuta, na njia ya kutoka stoo haijawahi kuwa ndefu hivyo. Alimimina mwenyewe, nikimshikia faneli. Akarudisha waya ya betri. Akaketi kwenye usukani, akafungua ufunguo nusu, na nyuki akalia ndani ya chupa, safi. Akatabasamu kama kijana wa lori la maziwa. Gari likawaka mara moja. Aliliacha lingurume, akalisikiliza, akalizima, akatoka kwenda kunawa.

Nitasema ya baadaye hapa hapa, kwa sababu nikifika mwisho sitaki kuongeza kitu. Longonot tulienda. Kitinda mimba ndiye aliendesha. Mzee aliketi kando yake, na njia yote mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haiko. Dadake alikuwa amewekwa kiti nje atungoje, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Kwani leo umeletwa?" Mzee akasema, "Nimeletwa." Akaanza kushusha kabeji. Sijawahi kusikia neno dogo likiwa zito hivyo. Na siku hizi Jumapili mchana huenda akakaa kwenye gari, mlango wazi, anasikiliza redio, mikono kwenye usukani. Kila mwezi analipangusa tumbo. Wajukuu wanamwuliza, "Guka, tunaenda wapi?" Anawaambia popote. Mimi huwa dirishani na sufuria mkononi, na chakula kinaungua. Yule msichana wa ndoo amemaliza shule. Namwona akipita kwa miguu yake miwili mizima, na bado moyo haukai.

Sasa turudi siku ile ya pampu. Mzee alipokuwa ananawa nilichomoa ufunguo, nikautia ndani ya nguo, hapa kifuani. Ulikuwa bado na joto la mkono wake. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kanisani na kofia. Alianza kupakia kabeji. Nilimwacha apakie. Hilo nalo linaniuma, kwamba nilisimama nikamwangalia akizibeba mbili mbili, akizipanga nzuri kama mayai, hali najua.

Alipomaliza akaketi kwenye usukani. Akapeleka mkono pale ufunguo unapokaa. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mama," akaniita.

Nikaenda nikasimama mbele ya gari, mbele kabisa, mahali anaponiona.

"Dada yangu ananingoja," akasema. "Ni Longonot tu. Nikirudi nitautundika huo ufunguo mwenyewe, sitaugusa tena. Dereva huacha gari akiwa ameliendesha. Haachi likisukumwa na kwaya."

Sikuondoka mbele ya gari.

"Umeniibia mafuta, sikusema kitu. Umeniambia mtoto ni kuku, sikusema kitu."

Nilishika bonet, pale pale yule mtoto alipokuwa ameshika.

"Uliona?"

"Sikuona. Nilisikia ndoo. Kuku habebi ndoo." Alivua kofia akaiweka kwenye kiti. "Kinachoniuma si macho, mama, wala si petroli. Kwa nini hukuniambia kwa mdomo? Mimi ni mtu wa kuibiwa usiku?"

"Mdomo ulikuwa umejaa petroli," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Aliniangalia, akaangua kicheko, nami nikacheka, nikacheka mpaka nikalia, na yeye akajipangusa macho yake yale kwa mkono wa koti. Tulicheka hivyo kwa muda, wazee wawili na gari limejaa kabeji.

Kisha akatoa mkono nje ya dirisha, kiganja juu, kimeoshwa safi, na petroli kidogo chini ya kucha.

"Sasa mdomo ni mtupu," akasema. "Nipe ufunguo, ama uniambie."

Niliuona ule mkono, mkono ulionipandisha kwenye lori la maziwa, na nilitaka kuujaza. Mungu anajua nilitaka. Nikaushika ufunguo juu ya nguo, nikamwangalia machoni, palipobaki macho, nikamwambia kama nilivyomwambia ng'ombe.

"Sikupi ufunguo, mzee. Nuna, lala njaa, niite jina lolote, lakini sikupi."